Mgongo wa Mama na Magoti Yaliyozidi

Ilianza Jumanne, saa moja na robo asubuhi, Mama alipoinama kuokota mwiko.

Mwiko, wadogo zangu. Siyo gunia la pamba, siyo ndoo ya maji, siyo ndama aliyegoma kuvuka mto. Mwiko wa ugali ulimponyoka, ukaanguka karibu na mafiga, akainama kuufuata na hakurudi. Alibaki hivyo hivyo, mkono mmoja kwenye goti, anatazama chini kama mtu aliyedondosha hereni. Nikamwuliza, "Mama, umeona nini?"

Akajibu kwa sauti ndogo sana, "Mwite baba yako. Halafu usicheke."

Sikucheka. Nilicheka wiki nyingi baadaye, na aliyeanza kucheka ni yeye.

Nawaandikia ninyi mnaobaki nyumbani na mama zenu na bibi zenu, kwa sababu mimi ni mstaafu. Najua mstaafu mnayemjua ninyi ana kipara na redio ya mkononi. Mimi nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda cha tano. Lakini kazi nimefanya na kazi nimeacha, na sijui kustaafu kuna kitu gani kingine zaidi ya hapo. Kazi yenyewe ilikuwa kusimamia mgongo wa Mama. Sikuiomba. Mimi ni mtu wa aibu. Kwaya ya kanisani nimeimba miaka miwili nikifungua mdomo tu bila kutoa kitu, na mwalimu wa kwaya alikuwa ananisifu kwamba siharibu. Sasa kazi hii ilitaka mtu wa kusema kwa sauti.

Siku za kwanza mgongo haukuwa wangu, ulikuwa wa Shangazi Minza. Shangazi ni dada yake Baba, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na kila ugonjwa anaujua kabla haujafika kijijini. Alikuja na kanga tatu. Akamfunga Mama kiunoni akavuta, mpaka Mama akawa anaongea kwa pumzi za juu juu kama mtu anayepanda mlima. Akaamuru mlango wa stoo ung'olewe, Mama alazwe juu yake, asiguse ardhi, asiinuke, asigeuke. "Mgongo unataka kunyooshwa," alisema. "Mgongo ni kama bati."

Mama alilala juu ya mlango. Kuku wakaingia stoo wakala mtama.

Alipoona haponi, Shangazi akasema ataleta mtu aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu. Shangazi anaamini mtoto wa namna hiyo akikukanyaga mgongoni, maumivu yanatoka. Tulitegemea mtoto. Jioni akaingia Kashinje, fundi matofali, amevaa gambuti, mabega yake yanagusa miimo yote miwili ya mlango. Alikuwa mtoto, ndiyo, miaka ya nyuma. Baba alimwangalia kuanzia juu hadi chini, akamwangalia Mama kwenye ule mlango, akasema, "Kashinje, umekula?" Akampa ugali, akamsindikiza mpaka kwao. Ni mara chache nimemwona Baba akifanya maamuzi haraka hivyo.

Sasa niwaambie kwa nini Mama hakuwa na muda wa kulala. Dada yangu Holo alikuwa amechumbiwa na kijana wa Lamadi, familia ya wauza samaki. Wazazi wa kijana walikuwa wameshasema pamba ikishauzwa watakuja rasmi kupanga siku ya kuleta ng'ombe wa mahari. Holo ndiye wa kwanza kwetu. Mama alikuwa anasubiri siku ile tangu Holo yuko darasa la pili, nadhani. Na mnajua kwetu mwanamke mwenye adabu hawasalimii wakubwa akiwa amesimama wima kama nguzo ya umeme. Anashuka. Anapiga goti, anatoa salamu, anajibu moja moja, ndipo anainuka. Mama mwenye nyumba akiwapokea wakwe wima, watarudi Lamadi wakisema binti yetu katoka kwenye nyumba isiyo na adabu.

Shangazi Minza alilijua hilo vizuri. "Usihangaike, wifi," alimwambia pale mlangoni, yaani juu ya mlango. "Kama hujiwezi, wageni nitawapokea mimi. Mimi magoti yangu ni mazima."

Mama alitaka kugeuka aangalie ukutani, akashindwa, ikabidi afumbe macho. Shangazi alipotoka, alinishika mkono. "Wande. Huyo asipokee wageni wangu. Umenisikia? Hata kama nitaburuzwa."

Hapo ndipo tulipokwenda hospitali mjini Bariadi, kwa gari la jirani lililobeba pamba. Tulimlaza Mama juu ya marobota. Alisema tangu mwiko uanguke hajapata raha kama ile, na kama daktari angekubali kumtibia humo humo kwenye gari asingeshuka.

Daktari alimpima, akampa vidonge vya maumivu, akatuelekeza chumba cha mwisho, fiziotherapia. Mimi nilidhani ni mashine. Kumbe ni mtu, dada mmoja mfupi mwenye hijabu ya kijani, amehamishiwa huku kutoka Tanga, anaitwa Bi Zainabu. Anaongea Kiswahili laini, mpaka Mama akawa anamwangalia mdomo.

Alianza na maswali ambayo yalinifanya nikasome bango la chanjo ukutani, herufi kwa herufi. Miguu inakufa ganzi? Hapana. Pale unapokalia kuna ganzi? Mkojo unauzuia vizuri? Choo je? Mama akanong'ona, "Mbona anauliza haya mbele ya mtoto?" Baadaye Bi Zainabu aliniambia sababu, nami nawaambia ninyi bila aibu, maana hii ni kazi. Mtu mwenye mgongo akisema hawezi kuzuia haja, au ana ganzi katikati ya mapaja, au mguu umekuwa dhaifu unaburuta, au ana homa, au anakonda, au aliangukiwa na kitu, huyo siyo wa mazoezi ya mkekani. Huyo anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mnavuna. Mama hakuwa na hata kimoja.

"Haya, sindano nachomwa wapi?" Mama akauliza.

"Hakuna sindano, mama yangu."

"Dripu?"

"Hakuna."

"Sasa nimekuja kufanya nini?"

"Kutembea."

"Binti, nimeshindwa kutembea ndiyo maana nimekuja!"

"Kutoka kwenye gari hadi hapa umefikaje?"

Mama akafikiri. "Kwa miguu."

"Basi tumeshaanza."

Nilimpenda siku hiyo. Alimweleza Mama kwamba mgongo wake haujavunjika, haujahama, wala hakuna mfupa uliotoka ukaenda kutembea. Mwiko haukuwa na kosa. Mgongo ulikuwa umechoka miezi mingi, kupalilia, kuinama kwenye pamba kutwa nzima, kubeba upande mmoja, na siku ile ukakasirika tu. Ukikasirika unakaza misuli. Na ukiulaza siku nyingi unazidi kukaza. Mama akageuka kwangu akanitafsiria, kama vile mimi sijui Kiswahili: "Anasema nimekuwa ngozi ya ng'ombe iliyosahaulika juani."

Bi Zainabu akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemwuliza Mama tangu Jumanne ile. "Ni kitu gani hasa unataka uweze kukifanya?"

"Kupiga goti."

"Kwa ajili ya sala?"

"Kwa ajili ya wakwe."

Ikabidi nieleze mimi, na nilieleza nikiangalia viatu vyangu. Bi Zainabu akasikiliza, akasema vizuri sana, basi goti ndilo litakuwa dawa yako. Akamfundisha Mama kulala chali amekunja magoti na kuyayumbisha pole pole. Akamfundisha kuinua nyonga juu kama daraja, kuhesabu kidogo, kushusha. Akamfundisha kusimama kwa mikono na magoti kama paka anayejinyoosha. Akamfundisha kutoka kitandani: usiinuke moja kwa moja kama mtu aliyeitwa na polisi, geukia ubavu, sukuma kwa mkono. Halafu lenyewe: mguu mmoja mbele, mkono juu ya paja, teremka polepole, usibane pumzi. Kupanda, sukuma paja, panda.

Mama alishuka nusu, akapiga kelele, akapanda.

"Inauma kidogo au inauma sana?"

"Inauma kama kitu kinachouma."

"Ikiuma kidogo endelea, haibomoki kitu. Ikishuka mguuni, acha unitafute. Na hili goti ulifanye kila unaposalimia mtu."

Kila unaposalimia mtu. Sentensi hiyo ndiyo iliyotuponza. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye msimamizi. Unahesabu, kwa sauti, na unahakikisha anapumua." Nikasema ndiyo. Akasema, "Umesema kitu?" Nikasema ndiyo. Mama akasema, "Amekubali. Huyu akikubali husikii."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi ilikuwa alfajiri, uani, kwa sababu ndani kulikuwa giza na nusu ya nyumba imejaa pamba. Natandika mkeka, Mama analala, nahesabu. Wiki ya kwanza nilihesabu kwa kunong'ona. Mama akiwa juu, nyonga hewani, anatetemeka, ananiuliza, "Wewe unahesabu au unasali?" Mara nyingine aibu ilinifanya nihesabu haraka ili tumalize kabla majirani hawajaamka, na Mama akawa anapanda na kushuka kama mtu anayepepeta. Hilo ni kosa. Mgongo hautaki haraka. Mkihesabu, hesabuni kama mnamsomea tarakimu mtu anayeandika kwa kalamu isiyotoa wino vizuri.

Na msisimame juu ya mtu mkimtazama usoni. Kaeni pembeni. Mtu mzima akiwa chali hapendi kutazamwa.

Mengine niliyojifunza ni haya, sikuyapanga. Gunia au ndoo, ikumbatie tumboni kama mtu unayempenda, usiibebe mbali na mwili kama nguo yenye kinyesi cha mtoto. Kunja magoti, siyo kiuno. Ukichuma pamba, kila mwisho wa mstari simama, jinyooshe, angalia mbinguni hata kama huna la kuomba, na mfuko uubadilishe upande. Kitambaa cha moto mgongoni kinaleta raha, sawa, lakini raha siyo kazi; baada ya kitambaa, tembea. Mama alitembea kila jioni, mwanzo hadi choo, halafu hadi kwa jirani, halafu hadi njia panda. Siku nyingine maumivu yalirudi, akasema tumedanganywa, akalala kidogo, akaamka tena. Yanakwenda yanarudi, hivyo ndivyo yanavyopona. Msiogope siku mbaya moja.

Sasa nirudi kwenye goti.

Mama akiambiwa na daktari kitu, anakifanya. Vidonge vya malaria anavimeza mpaka cha mwisho hata akishapona. Kwa hiyo aliposikia kila unaposalimia mtu, hakuchagua mtu. Asubuhi aliponiona alipiga goti. "Mwangaluka, Wande," ile salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma. Nilikimbia nikajificha nyuma ya stoo. Mama kunipigia mimi goti! Akaniita nirudi nihesabu, maana yuko chini.

Ilinipasa kusema kitu wakati ule. Moyoni nilijua Bi Zainabu hakumaanisha hivyo. Lakini aliyeambiwa na daktari ni yeye, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kuhesabu, siyo kutafsiri.

Siku ya tatu tulikutana barabarani na Masanja, kijana wa bodaboda, wala ishirini hajafika. Alikuwa amesimamisha pikipiki anajibu simu. Mama akaweka mguu mbele, mkono kwenye paja, akateremka polepole katikati ya vumbi. "Mwangaluka, baba."

Masanja alidondosha simu. Aliruka kutoka kwenye pikipiki, na kwa kuwa hakujua afanye nini, naye akapiga goti. Wakawa wanatazamana. Mama hawezi kupanda mpaka nihesabu. Masanja hawezi kuinuka kabla ya Mama. Na mimi naona aibu kuhesabu, maana Masanja ni kijana mzuri na alikuwa ananiangalia mimi, macho yanasema niokoe. Baiskeli mbili zilisimama. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani alisimama, akaona jambo ni zito, akaanza naye kushuka na kuni zake.

"Wande!" Mama akasema. "Moja!"

"Moja," nikanong'ona.

"Sisikii!"

Alipiga goti kwa watoto wa shule, wakatawanyika kama vifaranga. Alimpigia goti mwalimu mgeni aliyetoka Mbeya, mwalimu akampa mkono akidhani ameanguka. Jioni akaja mama wa mtoto mmoja, uso umekunjamana, akamwita Mama kwa heshima. "Mayu, mwanangu wa darasa la kwanza umempigia goti. Mama mzima! Sasa analia, anasema amezeeka. Tumfanyie nini?"

"Mwambie apumue," Mama akamjibu.

Kijiji kikaanza kutafuta sababu. Wengine wakasema Mama anatubu, ila hawajajua amekosa nini, wakawa wanakumbuka. Wengine wakasema ametupiwa kitu. Shangazi Minza hakusema chochote kibaya. Aliguna tu, na mguno wa Shangazi unafika mbali. Ulifika mpaka gulioni, ukapanda gari la dagaa, ukafika Lamadi. Ijumaa Holo akapata simu kutoka kwa mchumba wake. Wazee wamesikia mama mkwe amechanganyikiwa, anaabudu watoto njiani. Wamesema hawatangoja pamba. Watatuma watu kuja kuangalia hali, na wakiikuta hali yenyewe, ng'ombe watabaki Lamadi.

Holo alilia mpaka akaacha kula. Baba akatengeneza jembe ambalo halikuharibika. Mama akaniangalia. "Kwani nimekosea wapi? Si nimeambiwa kila mtu?"

Tulirudi kwa Bi Zainabu. Nilimsimulia yote, kuanzia Masanja hadi mwalimu wa Mbeya. Alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Halafu akafuta macho, akamshika Mama mikono yote miwili. "Mama yangu, nisamehe. Nilijua kwenu goti ni la wakubwa tu, lakini wewe ukalifanya la wote! Kuanzia leo, zoezi la goti ni la nyumbani, umeshika kiti. Nje wasalimie watu kama zamani." Kisha akampima. Mama akateremka mpaka chini kabisa, akapanda bila kushika kitu. Bi Zainabu akaacha kucheka. "Wiki mbili tu," akasema. "Magoti yamezidi, lakini yamefanya kazi."

Hiyo ilikuwa habari njema, ila Lamadi haikuisikia.

Wajumbe walikuja bila kupiga simu. Nilikuwa uani alfajiri na Mama yuko mkekani, chali, nyonga juu. Nimefika sita. Nikainua macho, nikaona kwenye mwanya wa minyaa watu watatu wamesimama. Mmoja mzee mwenye kofia na fimbo, baba mkubwa wa bwana harusi. Wa pili mama mnene wa kitenge cha bluu, kikapu cha sato mkononi, shangazi yake. Wa tatu, ametangulia mbele yao, mkono umenyooshwa kuonyesha njia, Shangazi Minza.

"Karibuni wakwe, karibuni," alikuwa anasema, "mimi ndiye nitakayewapokea, wifi yangu hajiwe..."

Akaishia hapo. Wote wanne tukamtazama Mama. Yeye alikuwa anatazama mbingu.

Sikujua nifanye nini. Nikinyamaza, Mama atauliza kwa nini nimenyamaza. Nikisema, nitasema mbele ya wakwe. Nyonga zikaanza kutetemeka.

"Wande, umelala? Saba!"

"Saba!" nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa hata kanisani, kuku waliruka. "Mama. Wageni wamefika."

Nilidhani ataruka. Angeruka, mgongo ungekamata pale pale, Shangazi Minza angemrudisha kwenye mlango na hadithi ingekuwa imekwisha. Mama hakuruka. Alishusha nyonga taratibu kama alivyofundishwa. Akageukia ubavu. Akasukuma kwa mkono, akaja juu kwenye mikono na magoti, akageuza kichwa awaone. Akaleta mguu mmoja mbele, mkono kwenye paja, mgongo ukanyooka. Na hapo hapo, katikati ya kuinuka, alikuwa tayari kwenye goti, uso kwa uso na wakwe, kanga imekaa vizuri, kana kwamba tangu mwanzo alikuwa anawangojea.

"Mwangaluka."

Mzee akaondoa kofia. Sijui kwa nini aliiondoa. "Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu," salama tu.

Mnajua salamu zetu. Mzee akauliza nyumba, akauliza watoto, akauliza ng'ombe, akauliza pamba, akauliza mvua ya mwaka jana. Mama anajibu moja moja, yuko chini, sauti haitetemeki. Mimi ndiye niliyekuwa nabana pumzi. Shangazi Minza alikuwa bado amenyoosha mkono.

Halafu mzee akauliza alichotumwa. "Mayu, tumesikia unapiga goti hata kwa watoto wadogo. Umewakosea nini?"

Mama akavuta kanga, akainamisha uso. Aliona aibu, Mama yangu, na aibu naijua nikiiona. Nikajikuta nimesogea mbele ya mkeka.

"Ni dawa, babu," nikasema. "Alipewa magoti hospitali, kwa ajili ya mgongo. Aliambiwa apige goti akisalimia. Yeye... amezidisha dozi."



"Amezidisha dozi," mzee akarudia.

"Ndiyo, babu. Daktari amempunguzia."

Yule mama wa kitenge cha bluu ndiye aliyeanza. Alicheka kuanzia tumboni, kikapu kikatikisika, sato mmoja akaanguka. Mzee akacheka akishikilia fimbo. Baba, ambaye alikuwa ametoka ndani na shati halijafungwa vifungo, akacheka bila kujua tunacheka nini. Mtu aliyezidisha dozi hakuna asiyemfahamu. Kila nyumba inaye.

"Na wewe ni nani?" mama wa kitenge akaniuliza.

"Mimi ndiye ninayehesabu."

"Inuka basi, mayu," mzee akamwambia Mama. Mama akasukuma paja, akapanda. Bila kushika mtu. Alipofika juu alimwangalia Shangazi Minza, siyo kwa ubaya, alimwangalia tu, na Shangazi akapokea kikapu cha samaki akaenda nacho jikoni akisema kwa sauti, "Mimi siku zote nimesema mgongo unataka mazoezi."

Chai haikuwa imechemka bado, mama wa kitenge akamvuta Mama pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Mkwe, ile ya kugeukia ubavu. Irudie. Mimi naamka kwa kushika ukuta, na ukuta wenyewe sasa unalegea." Mama akamwangalia upana wake, akauangalia mkeka. "Ngoja tunywe chai kwanza," akasema.

Walilala kwetu. Usiku huo walipanga siku ya ng'ombe, Holo akala sahani mbili, na mzee akasema mbele ya wote kwamba siku hiyo atakayewapokea awe mama mwenye nyumba, hawataki mwingine. Mama akashukuru, "Wabeja," akaenda kuosha vyombo ili tusimwone uso.

Asubuhi yake niliamka muda wa kazi, nikachukua mkeka wangu nikatoka nao. Uani mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Mama wa kitenge alikuwa chali, magoti yamekunjwa, Shangazi Minza kando yake naye chali, na Mama amekaa pembeni yao, anahesabu kwa Kisukuma, polepole, kwa sauti. "Usibane pumzi, mkwe," akasema. "Wifi, usiharakishe, hupepeti."

Nilisimama kidogo na mkeka wangu kwapani. Hakuna aliyegeuka. Nikarudi ndani, nikautandika kwenye nafasi iliyobaki kati ya marobota, nikageukia ubavu, nikalala mpaka saa nne.